Mkia wa Kidege cha Baba Agnela

Ukipita Nkoaranga ukamkuta Elifuraha kaduwaa, chai imempoa mkononi, usimshtue. Yuko juu ya maziwa ya Momela, anayatazama kutoka angani. Mwili wake tu ndio umebaki bandani, kando ya kidege alichokiunda mwenyewe: kiti kimoja, pangaboi dogo nyuma la kusukuma, na pangaboi refu juu lisilo na injini, linalozungushwa na upepo.

Kilichomchelewesha ni mkia. Si ule wa kusimama, wa kugeuzia. Huu wa kulala, bati la alumini tu ukilitazama. Afunge mdogo, juu, wa kupendeza macho? Au mpana, chini, pale upepo wa pangaboi unapoupiga sawasawa? Aliota hivi, akaota vile. Kawia ufike, wanasema, naye alikawia kwelikweli. Mwishowe akachagua mpana, maana uzuri haumzuii mtu kuanguka. Jumamosi akapiga ribiti ya mwisho, akauegemeza mkia ukutani, akaenda kulala anatabasamu peke yake, jamani, utadhani bwana harusi.

Mkewe, Penina, hakutabasamu. Kesho yake ilikuwa siku ya mavuno, kila nyumba inapeleka kanisani kazi ya mikono yake, na baada ya ibada vitu vinanadiwa hapo nje. Elifuraha amesimama, mawazo mawinguni, akamsikia mzee wa kanisa Ebenezer: "Bati safi hili! La kuezekea banda la kuku! Nani anaongeza?"

Loo! Mkia wake, katikati ya mikungu ya ndizi na majogoo.

"Mama Agnela, umefanya nini?"

"Nimeutoa sadaka. Ndege bila mkia hairuki. Chukia ukichukia, Baba Agnela, mimi sitaki ujane."

Hakuchukia. Aliogopa.

"Inaruka, mama. Hii inaruka hata bila huo mkia, na mimi nikichoka kungoja nitairusha hivyo hivyo, najijua. Kazi ya mkia ni kuishika isichomeke pua chini. Huo ndio wa kunirudisha nyumbani."

Penina alimkazia macho. Mtu huyu akisema anajijua, basi anajijua. Na Ebenezer keshaanza: "Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

"Mtamba wangu!" Penina akapiga kelele.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtamba mwenye mimba, kwa bati la kuku!

"Mama, umeliona vizuri?" Ebenezer aliuliza.

"Shikamoo mzee, nimeliona. Funga mnada."

Jioni walipiga magoti wote wawili nyuma ya kidege, Elifuraha anapitisha bolti, Penina anakaza nati.

"Inatosha sasa," mumewe alimwambia. "Imekaza."

"Haijatosha," alisema Penina, machozi yanamdondokea kwenye spana, akaendelea kukaza.