Mizani ya Asali na Springi za Shamila

Ukiingia Ng'ambo ya Tabora na silinda hedi, kile kichwa cha injini, kwenye toroli, hutauliza mara mbili. Mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuonyesha kwa kidevu: kule, kwa Mama Ishimwe. Jina lake la ubatizo ni Marsiana Nimbona, binti wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, na kazi yake ni valvu. Gari zima hashiki. "Mgonjwa mzima mpelekeni hospitali," huwaambia wateja, "mimi ni daktari wa koo."

Kibandani kwake kuna mizani ya saa ambayo marehemu mumewe alikuwa akinunulia asali. Jua likikolea bado inanukia nta. Siku hizi mizani hiyo inapima springi za valvu. Marsiana huiweka springi kwenye sahani, akaibana kwa drili ya kusimama mpaka ifikie urefu wa kipande cha bomba alichokikata kwa kipimo, kisha anasoma mshale. Springi nzima husema kilo zake, na iliyochoka nayo husema zake. Hakuna kubishana.

Jumatatu moja alifika Shamila, binti wa Mzee Mabruki mwenye duka la misumari karibu na soko. Alikuwa na gari jeupe la turbo, na Jumapili yake kulikuwa na mashindano ya barabara ya vumbi, Igalula mpaka Goweko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Limekufanyaje?"

"Linamisi. Mshale wa mizunguko ukipita elfu tano linakohoa kama mzee wa kiko. Nimebadilisha plagi, nimesafisha pampu, wapi!"

"Presha ya turbo umeigusa?"

Shamila akatazama pembeni. "Nimeipandisha kidogo."

"Kidogo ya kwako au kidogo ya mizani?"

"Ilikuwa sifuri nukta saba. Sasa ni moja nukta tatu."

Marsiana akacheka, akafungua hedi. Alipoanza kupima springi za upande wa hewa, moja baada ya nyingine, binti alishindwa kujizuia. "Mama, unatengeneza gari au unanunua asali?"

"Subiri, asali utailamba."

Zilikuwa nane. Tano zilisema kilo ishirini na nane. Tatu zilisema ishirini na mbili.

"Sasa sikiliza," Marsiana alisema. "Utotoni kwetu mlango wa bani la kukaushia tumbaku tuliuegemezea jiwe. Upepo wa kawaida, jiwe linatosha. Ukija upepo wa Agosti, mlango unapiga paa, paa, paa. Valvu ni mlango, springi ndiyo jiwe, turbo ndiyo upepo. Hewa yako inausukuma mgongo wa valvu kwa kilo moja nukta tatu kila eneo la ukucha wa dole gumba, na mgongo ule una kucha kama kumi. Hizo ni kilo kumi na tatu. Toa kwenye ishirini na mbili, inabaki nini?"

"Tisa."

"Kwa kilo tisa unataka mlango ufungwe mara elfu mbili na nusu kwa dakika? Unachelewa, tena ukigonga kiti chake unaruka. Hewa inarudi ilikotoka, gari linakohoa. Siku moja valvu itakutana na pistoni, na hapo hutanihitaji mimi, utahitaji muuza vyuma chakavu."

Shamila alikuwa na jibu tayari. "Basi weka washa nene, vile vipete vya chuma, chini ya springi zote, kama ulivyomwekea baba. Baba anasema gari lake liliruka kama swala. Kilichomponza ni oili tu."

Mkono wa Marsiana ukabaki kwenye mpini wa drili.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa kibarua kwenye gereji ya mjini, aliweka kweli washa zile. Hakupima. Gari la Mabruki liliruka kama swala kwa wiki tatu, kisha kemshafti, ule mtaimbo unaozisukuma valvu, ikasagika, kwa sababu springi zilizobanwa kupita kiasi ziliikandamiza kila mzunguko. Alipoulizwa akasema, "Ni oili mbaya." Oili ilikuwa ya dukani kwa Mabruki mwenyewe. Yule mzee aliamini, akarudisha madebe yote kwa aliyemuuzia, akaapa hatauza tena kitu kinachoharibu mali za watu. Ndipo akaingia kwenye misumari.

Angeweza kumwambia binti "haiwezekani" akanyamaza. Lakini Shamila angekwenda gereji nyingine na kuwekewa, maana ushahidi wa baba yake alikuwa nao.

"Nenda kamwite baba yako," alisema.

Mabruki alikuja na kofia yake ya kiua, akaketi juu ya tairi. Marsiana hakuketi.

"Baba Shamila, ile kemshafti niliila mimi. Niliweka washa nene bila kupima. Oili yako niliisingizia."

"Oili yangu ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Madebe kumi na manne, Mama Ishimwe."

"Najua. Nilikuona ukiyapakia."

Mabruki akamgeukia binti yake. "Umesikia? Fanya anavyosema." Akaondoka bila kuaga.

Marsiana aliweka washa nyembamba kwenye zile tatu tu, akazipima tena mpaka zikafika ishirini na nane, akahakikisha pingili za springi hazigusani valvu ikifunguka mpaka mwisho. Presha wakairudisha sifuri nukta tisa. Shamila alinuna mpaka Alhamisi. "Nitashindwa, mama."

"Utafika."

Jumapili alikuwa wa sita kati ya magari kumi na moja. Mwaka uliotangulia alikuwa amerudi akivutwa kwa kamba. Gari halikukohoa hata mara moja, na alipopita Ng'ambo jioni alipiga honi ndefu, ingawa bado hakuteremka.

Siku ya pili Mabruki alitokea amebeba chuma kilichofungwa gazeti. Ilikuwa ile kemshafti, ambayo miaka yote ilizuia mlango wa duka lake usipigwe na upepo. Akaitua kwenye mizani.

"Pima na hii."

"Kilo mbili na nusu," Marsiana alisoma.

"Mimi niliiona nzito zaidi," alisema mzee, akaiacha pale pale.

Sasa imening'inizwa mlangoni kwa Marsiana. Mteja akidai washa nene, anaambiwa apitishe kidole palipolika, na anaambiwa ni nani aliyeila. Akimaliza kutengenezewa, anaagizwa akanunue oili kwa Mabruki. Yapo tena madebe mawili, nyuma ya misumari.