Saquina Aliyehitimu Kitabu cha Barabara

Kama ni bidii, Saquina Rizuane hana mwenzake Palma nzima, huku kaskazini mwa Msumbiji. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namwonea.

Nyumba yangu na yake zimegawana ua wa makuti. Kila siku, akishaswali alfajiri, aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kitabu magotini, mwili ukienda mbele na nyuma, akaanza kwa Kireno: "Pergunta um. O condutor deve..." Sauti ile ile, mapigo yale yale, mpaka mimi nimemaliza kufunga marobota yangu ya calamidade, nguo za mitumba, kwenda sokoni. Mvua ikinyesha alihamia barazani. Akiugua alisoma amelala. Miezi minne hakukosa hata siku moja. Nimefanya biashara miaka ishirini kati ya hapa na mpaka wa Namoto, nimevuka Ruvuma na watu wa kila aina, na nawaambia: wanaotaka kitu ni wengi kama dagaa. Wanaoamka kukitafuta kila siku utawamaliza kwa vidole vya mkono mmoja.

Alichokitaka ni carta, leseni ya udereva. Alikuwa akiosha magari ya Tomás, mwenye mabasi madogo matatu ya kubeba wafanyakazi kwenda kwenye mradi wa gesi wa Afungi. Akishayaosha, ndiye aliyeyapanga uani kinyumenyume, kati ya ukuta na mkorosho, pahali ambapo madereva wenye carta zao mfukoni walishakwaruza rangi mara mbili. Kuendesha hakukuwa shida yake. Tomás si mtu wa kusifu, lakini alimwambia wazi, na mimi nikiwepo:

"Dada Saquina, Julai naanza kuwabeba akina mama wa jikoni. Wenyewe wanataka dereva mwanamke. Lete carta kabla ya Juni kwisha, usukani ni wako. Usipoleta, nampa mwingine. Mimi sitoi sadaka."

"Nitaleta, patrão."

Nikapenda. Kitu kimetajwa, siku imetajwa, hakuna maneno ya pembeni.

Ila Saquina aliishia darasa la tatu, na Kireno chake ni cha sokoni: bom dia, quanto é, amanhã. Chuoni kwa Maalim Aiuba, huko ndiko alikokuwa nyota. Alihifadhi juzuu kumi na mbili kabla hajavunja ungo, na hadi leo wazee wanalitaja hilo. Basi shule ya udereva ilipompa kitabu cha maswali mia tatu na arobaini, kila swali na majibu yake ya A, B na C, alifanya anachokijua. Akakihifadhi. Chote, kwa mpangilio, toka ukurasa wa kwanza.

Mtaani hakuna aliyeona kasoro. Maalim Aiuba mwenyewe akitoka msikitini alisimama kumsikiliza, macho kafumba. Maalim hajui Kireno hata cha kuombea maji, lakini siku moja alimkatiza.

"Rudi nyuma, binti. Hapo umeruka."

Saquina akafungua kitabu. Kweli, ameruka mstari.

"Maalim, umejuaje?" nikauliza toka upande wangu wa ua.

"Jana ulikuwa mrefu zaidi," akasema, akaenda zake.

Alipolimaliza swali la mia tatu na arobaini, walimfanyia khitma. Sitanii. Kama mtoto aliyehitimu msahafu: wali wa nazi, ubani, dua, vigelegele, na Saquina katikati, kajifunga kapulana mpya, anakariri alama za barabarani bila kupumua. Kuku wawili walitoka kwangu. Nilikula, nikashangilia na wenzangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mimi ambaye sinunui robota bila kuingiza mkono mpaka katikati, nilikaa pale mchana kutwa na sikumwuliza swali hata moja.

Aprili akaenda Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kufanya mtihani. Maswali ni ishirini na matano, unaruhusiwa kukosa matatu. Alikosa kumi na manne.

"Husuda," walisema majirani, na wawili watatu wakanitupia jicho mimi, kwa kuwa ni mtu wa kuja kutoka Mueda na sisali pamoja nao. Saquina hakubishana na mtu. Alizidisha. Alfajiri alisoma, alasiri akasoma tena. Akafunga Jumatatu na Alhamisi. Mei akarudi Pemba, akakosa kumi na sita.

Shule ilikuwa imeshamwambia: uandikishaji wake ni wa mitihani mitatu. Akianguka wa tatu, anaanza upya, na kuanza upya ni miezi. Umebaki mtihani mmoja, wiki tatu, na Julai inakuja.

Siku hiyo nilimfuata uani kwa Tomás, na nilikwenda na hasira. Mvivu akishindwa, mimi naendelea na shughuli zangu. Lakini huyu! Nilikiokota kitabu juu ya boneti, nikafungua popote. Kireno mimi nimejifunza kwa kugombana na maofisa wa mpakani, kwa hiyo kinanitosha.

"Haya, mdogo wangu. Taa ni nyekundu. Lakini katikati ya barabara kasimama polisi, anakupungia mkono upite. Unafanya nini?"

Alinitazama, kitambaa kinachuruzika maji.

"Swali la ngapi hilo?"

"Nini?"

"Nitajie namba yake, dada. Au nianzie maneno ya mwanzo."

"Namba sina. Kuna taa, kuna polisi, na wewe una gari. Unafanya nini?"

Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, toka swali la kwanza. Nikamsubiri. Alipofika hamsini na kitu akapotea, akarudi mwanzo.

Nikaketi juu ya tairi.

"Kule Pemba," nikamwambia, "maswali yanakuja kwa mpangilio wa kitabu?"

"Wanayachanganya! Na maneno wanayageuza, hata herufi za majibu wanazihamisha. Ndiyo roho mbaya yenyewe hiyo."

"Saquina, unaijua maana ya hata swali moja?"

Akapandisha sauti. "Nimehifadhi mia tatu na arobaini. Wewe umehifadhi mangapi?"

"Hata moja. Na ningepita."

"Basi nenda wewe ukachukue carta!" Akanimwagia maji ya povu miguuni, makusudi kabisa.

Kesho yake alikuja sokoni bila kuomba radhi, akaketi juu ya robota langu, kitabu mkononi. Nikamweleza jambo moja ambalo huwa sielezi watu. Safari yangu ya kwanza kuvuka mto, shangazi yangu alinikaririsha bei za kule, kanga hadi sufuria, na nikazishika zote. Nilipofika zilikuwa zimebadilika wiki ile ile. Wale wauzaji walinichuna nikarudi na mzigo wa kuchekwa. Sikuwa mjinga wala mvivu. Nilijua bei, sikujua biashara.

Kuanzia hapo kila alasiri tulikaa njia panda ya soko. Namgeuzia swali kwa Kiswahili, namwonyesha pikipiki na malori yanayopita mbele yetu, namwuliza nani apite. Halafu: kwa nini?

Hilo "kwa nini" alilichukia kama shubiri. Chuoni mtoto haulizi kwa nini. Anashika kwanza, maana itakuja akikua. Maalim Aiuba alitukuta pale akasimama.

"Mama Kátia, unamvunjia hifadhi yake. Maana hufuata, haitangulii."

"Shikamoo, Maalim. Ya Mungu sibishani nawe. Lakini barabarani maana ikichelewa, lori halichelewi."

Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kukubali hakukubali.

Lile la polisi na taa lilitugharimu siku mbili. Palma hakuna taa ya kuongozea magari hata moja. Saquina alikuwa ameziona Pemba tu, akiwa ndani ya basi dogo la chapa, kichwa kimejaa maswali. Mwishowe nikamwambia: "Dukani pamebandikwa kibao cha bei, na mwenye duka mwenyewe kasimama hapo. Unabishana na nani?"

"Na mwenye duka."

"Polisi ndiye mwenye duka."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu Aprili. Nikadhani tumemaliza. Kesho yake nikamwuliza lile lile, na midomo ikaanza.

"Usianzie mwanzo!"

"Sijaanza!"

"Naiona midomo yako, Saquina."

"Inacheza yenyewe, dada. Nifanyeje, niikate?"

Hapo ndipo nilipochoka. Tabia mbaya mtu anaionea haya, ukimsaidia anaiacha. Tabia nzuri iliyowekwa mahali sipo, nani ataivunja? Mwenyewe anajivunia, mtaa unamsifu, na wali wake ulishaliwa.

Hata hivyo, wiki ya tatu alikuwa anajibu. Polepole, anakunja uso, lakini anajibu. Mara nyingine alinishinda. Akaondoka kwenda Pemba, na mimi, ambaye siweki matumaini kwa kitu ambacho sijakishika, nilikuwa nimeshamtengea shati jeupe la dereva kutoka robota jipya.

Alirudi Ijumaa. Alishuka kwenye chapa, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Matano," akasema.

"Umekosa matano?"

"Matano. Nayajua yote. La daraja jembamba sikulielewa. La mzigo uliozidi nyuma, nilikosea. La ukungu, nilikosea. Mawili yaliyobaki niliyajibu sawasawa. Moja ni lile letu la polisi."

"Halafu?"

"Halafu midomo ikaniambia kwenye kitabu jibu lake ni B. Nikafuta, nikaweka B. Na la pili vivyo hivyo."

Nilitaka kumpiga na lile shati. Mawili! Angeyaacha yalivyo angekuwa amekosa matatu, na matatu yanaruhusiwa.

Nilikwenda kwa Tomás. Miaka ishirini sijatoka mezani mikono mitupu, nikadhani na huyu nitampata. Nikamwomba miezi miwili tu. Nikampa sababu za kibiashara, sikumletea machozi: anayajua magari yako, hajakwaruza hata moja, wengine watakuharibia.

"Kweli tupu," Tomás akasema. "Ana carta?"

"Hana."

"Basi, Mama Kátia, unaniuzia nini?"

Maneno hayo ningeyasema mimi mwenyewe.

Julai mosi alikuja dada mmoja wa Nampula, carta yake safi, akapewa usukani. Saquina aliliosha lile gari kama kawaida. Yule dada alitazama ukuta, akatazama mkorosho, akasema kwa upole, "Mana, dada yangu, nitolee nje, tafadhali." Saquina akaingia, akalitoa kwa mkono mmoja, akashuka, akamfungulia mlango. Mimi niligeuza uso.

Jioni ile alikuja kwangu na kitabu. Alikuwa amekikata kwa mkasi. Kila ukurasa umetobolewa pale palipokuwa na majibu, yamebaki maswali na matundu, kama kapulana iliyoliwa na panya. Vipande alivitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

"Nimejiandikisha upya. Septemba. Huu kaa nao wewe."

"Niufanyie nini?"

"Nikija kuuomba, usinipe."

"Na ukilia?"

"Mimi nikulilie wewe? Usinipe tu."

Usukani haupo tena, nilimkumbusha. Tomás hamfukuzi mtu mwenye carta ili ampe mwingine. Akasema anajua. Nikamwuliza, sasa unaifanyia nani? Akachukua lile shati jeupe kutoka mezani, akalikunja, akatoka nalo.

Mfuko nimeutundika juu ya marobota, mahali ambapo bila ngazi haufikiwi. Alfajiri ya leo upande wa pili wa ua kulikuwa kimya kabisa, hakuna "Pergunta um" ya kuniamsha, nikapitiwa na usingizi, nikachelewa sokoni.