Majivu ya Mideva

Huko Kongo, kijisehemu cha mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, hakuna mwanamke aliyesugua sufuria kama Mideva. Aliyachekecha majivu ya jikoni, akasugua hadi akajiona uso. Mumewe alipohamia Kibera kwa mwanamke mwingine, alimwachia sufuria hizo tu na sifa ya kuzing'arisha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mideva alikuwa akifagia maabara moja mjini. Humo mlikuwa na mashine iliyoitia hewa umeme mpaka chembe zake zikawa kile walichokiita ayoni, kisha ikazirusha kwenye chuma kwa kasi. Zilizama katika ngozi ya chuma, zikaifanya ngumu. Daktari Mutie, mtafiti kijana ambaye Mideva angeweza kumzaa, alitaka visu vya kukatia majani ya ng'ombe visiishe makali upesi.

Siku moja, akipiga deki, Mideva aliviona visu mezani akatania, "Nipeni hivi na majivu yangu, mtajitazamia humo mkichana nywele!"

Walicheka wote waliokuwa maabarani. Baadaye visu vikatoka kwenye mashine vikiwa na madoa, na penye madoa chuma kilikuwa laini vilevile.

"Wewe ndiye umevisugua," Mutie alisema mbele ya watu. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Sikuvigusa."

"Wewe na majivu yako! Unaweza kuona chuma ukakiacha?"

Wakacheka tena. Mideva hakucheka.

"Si mna mashine nyingine yenye mwali unaoonyesha kilicho juu ya chuma? Wekeni kisu humo. Kama ni majivu, yataonekana."

"Vua aproni, huna kazi hapa tena," Mutie akasema.

Habari zilifika Kongo kabla yake. Pale bombani jirani yake Waceke alipaza sauti, "Mama Majivu! Yaani wamekupiga kalamu kwa kusafisha sana?" Mideva alicheka pamoja na wachota maji, akabeba mtungi wake, akafunga mlango. Tangu hapo hakugusa majivu. Sufuria zikaanza kuwa nyeusi, na hakuna aliyeingia mle ndani akaziona.

Jumapili moja alibisha hodi Nderitu, fundi wa ile mashine. Mideva alimchemshia chai katika sufuria nyeusi.

"Mama, nilikiweka kisu kwenye mwali," Nderitu alisema. "Majivu hakuna. Kuna chumvi ya jasho. Mtu alivishika bila glavu kabla ya kuviingiza."

"Nani?"

Nderitu alitazama viatu vyake. "Anayeviingiza ni Daktari peke yake."

"Waliocheka umewaambia?"

"Daktari amesema hayo yamekwisha, tusiyafufue. Lakini nikaona wewe ujue."

Akatoa kisu kwenye gazeti, akamwekea mezani kama zawadi. Mideva alikishika kwa pindo la leso, asikiguse, akakirudisha kwenye gazeti lake.

"Mimi nilijua tangu siku ile. Mpelekee mwenyewe jasho lake. Na ukitaka kunisaidia, yaseme pale pale waliponicheka."

"Nitajaribu, mama."

Hakumaliza chai. Mideva alimsindikiza hadi barabarani, akipita naye bombani polepole, ili wamwone mgeni wake wa mjini. Waceke hakuwapo. Hakukuwa na mtu. Wote walikuwa kanisani.

Nderitu hakurudi. Walimsingizia Mideva mbele ya umati, wakaja kumsafisha kwa kunong'ona. Na ile sufuria ya chai ilikaa siku nyingi bila kuoshwa, majani yamekauka chini, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyosikia kwamba hakuvigusa visu.