Kukaa Chini Bila Kugonga

Ofisi yetu ya kupitisha mizigo forodhani ilianza kwa kutupunguzia siku za kazi, halafu bosi akatuambia tukae nyumbani mpaka atakapotuita. Mimi sijui kukaa. Nilikuwa nafagia ua uliokwisha kufagiwa, nahamisha viti, natoka mpaka barabarani kuangalia kama kuna jambo, narudi. Mama yangu, aliyetuleta kutoka Bukavu tukiwa wadogo na ambaye mpaka leo anaiona Goma kama mahali pa kupita tu, alikuwa ananitazama kutoka mlango wa jikoni.

"Mutoto," aliniambia siku moja, "unazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia. Ikala kidogo, ao utoke kabisa."

Nikatoka kabisa. Nilikwenda kwa miguu mpaka Ndosho bila kujua nafuata nini. Juu ya karakana moja ya maseremala niliona kimono nyeupe za mazoezi zimeanikwa kwenye kamba, nikasikia vishindo vya watu wanaoanguka, na baada ya kila kishindo, kicheko. Nikapanda ngazi.

Ulikuwa ukumbi wa jiu jitsu. Katika mchezo huu hakuna ngumi wala mateke. Mnashikana, mnaangushana, mnapigania chini mpaka mmoja aukamate vizuri mkono au shingo ya mwenzake, na yule aliyekamatwa agonge. Kugonga ni kumpiga mwenzako vikofi vyepesi begani, au kuipiga tatami, yaani mkeka mnene ulio chini yenu. Maana yake: basi, niachie. Na anayegongewa huachia palepale. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nywele, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilikula nikiwa nimeketi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mfupi, mpole, aliyejifunza mchezo huo Kampala miaka aliyoishi huko na familia yake. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali na kulisubiri jibu mpaka ukimya ukuchome. Mwaka wangu wa pili pale, siku moja baada ya mazoezi, alitukalisha kwenye duara akatuambia kwamba kutakuwa na mashindano Kigali, na kwamba kila anayetaka kwenda aseme anakwenda kutafuta nini.

Vijana wakasema dhahabu. Mmoja akasema anataka kumkunja Mnyarwanda fulani aliyemkunja mwaka uliotangulia. Ikafika zamu yangu.

"Medali," nikasema.

"Medali iko mu mikono ya arbitre," akajibu, akimaanisha mwamuzi. "Miye nauliza kitu weye utafanya, na mwili yako. Kama unarudia bila medali, utajua je kama ulipiga hatua?"

Nikafunga mkanda wangu upya. Akasubiri. Nikaufunga tena.

"Uende ufikiri," akasema, akamgeukia mwingine.

Kufikiri ndiko nilikoshindwa. Nilichoweza ni kubadili lengo kila baada ya siku chache. Kwanza niliamua kupunguza uzito, nikaacha ugali, na mama akaniuliza kama nimejiunga na dhehebu. Halafu niliamua kuwa na pumzi. Nikawa natoka kunapopambazuka, nakimbia barabara ya Sake mpaka ziwa dogo la Lac Vert, mawe ya volkano yakila viatu vyangu, na nikifika huko sikutazama hata maji, nageuka tu kana kwamba nimesahau chungu motoni. Halafu nikaamua kujifunza kabali moja na kuijua kuliko mtu yeyote. Wiki iliyofuata nikaamua kujifunza nyingine. Kila lengo lilinipa usingizi mzuri kwa siku mbili, kisha lilianza kuniwasha kama shati la sufu.

Wanawake wenye mkanda wa bluu, ule unaofuata mweupe wa wanaoanza, tulikuwa wawili tu katika ukumbi ule. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa Butembo, amenizidi umri na uzito, muuzaji wa viatu vya mitumba kando ya barabara ya Himbi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, yeye akaniita mudogo. Alikuwa mtu wa utulivu ambao mimi nilikuwa nikiuonea wivu: angeweza kukaa nyuma ya viatu vyake kutwa nzima, mikono mapajani, bila kuhitaji kitu. Kwenye tatami alikuwa vilevile. Alingoja umfuate, ukifika anakushika, anakushusha taratibu, anakukalia kifuani kama mtu anayeketi kitako sokoni. Na mimi nagonga.

Alasiri moja alinikalia hivyo, nikagonga, akaachia, akabaki amepiga magoti pembeni akinitazama.

"Mudogo, sijakushika kitu. Wala mukono, wala shingo. Juu ya nini unagonga, sababu gani?"

"Uko muzito."

"Niko muzito, ndiyo. Lakini uzito hauvunje mutu. Kila siku unagonga mbele sijafanya kitu."

Nilikasirika. Nilivua mkanda, nikavaa viatu nikiwa nimesimama, nikashuka ngazi bila kumsalimu mwalimu kama ilivyo desturi. Nilitembea mpaka nyumbani, nikapita nyumbani, nikaendelea kutembea, kwa sababu nilijua kinachonigongesha na sikutaka kukutana nacho.

Siku vita ilipoingia mjini, miezi kadhaa kabla sijaanza mazoezi, sisi tulilala kwenye korido ya nyumba, tukiwa tumejifunika magodoro. Tulikuwa familia yetu na ya jirani. Risasi zilikuwa zinapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Mjomba wangu, mtu mnene, mwenye moyo mkubwa kuliko mwili wake, alinilalia mimi na binti wa jirani ili kama kuna kitu kitapita ukutani kimkute yeye kwanza. Tulikaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua lilipovuka kichwa. Hatukuumia hata mmoja wetu, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi sikuweza kupumua, na sikuweza kumwambia mtu anayenikinga kwa mwili wake kwamba ananiua. Pale hapakuwa na mahali pa kugonga.

Hayo sikuwa nimemwambia mtu. Mjomba yuko hai, anakuja Jumapili, anacheka na mama. Ningeanzia wapi?

Kesho yake nilikwenda Himbi, nikamkuta yaya akiweka viatu jozi kwa jozi juu ya turubai. Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, wateja wakipita kati yetu. Alisikiliza huku akisugua kiatu kimoja kwa kitambaa, na alipomaliza kukisugua akaendelea kukisugua.

"Sisi tulikuwa mu choo," akasema mwishowe. "Batu kumi na kitu mu choo moja." Halafu akasema, "Weye unakimbia mbele kitu hakijafika. Miye, kinyume. Nangojea. Tangu ile siku nangojea tu, hata hapa, hata mu tatami. Nataka siku moja nianze miye."

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu kabla ya mazoezi. Hatukumpa historia ndefu. Nilimwambia: nataka kukaa chini ya mtu, nipumue, nigonge tu nikikamatwa kweli, na nijaribu kutoka. Yaya akamwambia: nataka kuanza mimi. Mwalimu aliniuliza jambo moja tu.

"Unajua kama kugonga si kitu ya haya? Mukono ukikamatwa, unagonga. Shingo ikikamatwa, unagonga mbiyo. Sitaki shujaa wa mukono umevunjika."

"Najua."

"Basi ile ndiyo lengo. Sasa tuikate vipande."

Kipande cha kwanza kilikuwa Salamu Maria moja. Yaya aliketi kifuani kwangu, mimi nikasali moyoni tangu mwanzo hadi amina, kisha akanyanyuka. Katikati ya sala ya kwanza kabisa mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka. Tukarudia. Siku nyingine tulifika mbili, siku nyingine tukarudi kwenye moja, nami nikatoka ukumbini nikiwa na hasira ya kutosha kusukuma gari. Mwalimu alinifundisha kugeuza kichwa upande, kuweka viwiko karibu na mbavu, kuiachia pumzi itoke ndefu kuliko inavyoingia. Baadaye akaongeza kiuno: usimsukume aliye juu, jisogeze wewe. Sala ikiisha, sogeza kiuno. Wiki zikapita hivyo, kazi ya kuchosha isiyo na la kusimulia, na mimi kila siku nikitamani kuiacha nitafute lengo jingine lenye mbio zaidi. Nilipofika fungu zima la rozari, Salamu Maria kumi, nilimsimulia mama kwa furaha.

"Unasali Bikira Maria chini ya mutu?" akasema. "Na yeye anakubali?"

Sikujua kama alikuwa anamsema yaya au Bikira Maria.

Kigali tulikwenda alfajiri, tukavuka mpaka kwa miguu, mabegi mgongoni, tukapanda basi upande wa pili. Mwalimu alitazama saa njia nzima kwa sababu ya kurudi, mpaka usije ukafungwa tukiwa bado njiani. Mimi nilimsumbua aliyeketi mbele yangu kwa magoti yangu hadi akageuka kuniangalia.

Ukumbini, wanawake walikuwa wachache sana, wakatuunganisha wote bila kujali uzito. Halafu mwandalizi mmoja akatuita, mimi na yaya, akatueleza kwa adabu kwamba wawili wa klabu moja hukutanishwa kwanza, ili wasije wakakutana fainali. Yaani pambano langu la kwanza lilikuwa na yeye.

Tulikwenda pembeni kidogo.

"Yaya, tufanye je?"

"Tucheze," akasema. "Usinihurumie. Na miye sitakuhurumia."

Mwamuzi akatupa ishara. Nilikuwa nimejiandaa kumfuata kama kila siku, kwa sababu yeye hungoja. Hakungoja. Alikuja chini kama mtu aliyeona mwizi, akaikusanya miguu yangu yote miwili, nami nikajikuta chali huku nikitazama taa za dari. Nilisikia vijana wetu wakipiga kelele, sijui wakimshangilia nani. Kabla sijakunja goti alikuwa amekwisha kunikalia kifuani.

Ilikuja. Korido, magodoro, yote. Mkono wangu wa kulia uliinuka kutoka kwenye tatami na nikauona umeinuka. Nikauweka chini, kwenye ubavu. Sikusali, sala yote ilipotea. Niligeuza kichwa, nikaiachia pumzi itoke, nikangoja nyingine iingie, nayo ikaingia. Yaya alinitafuta shingo, nikaficha shingo. Nikasogeza kiuno, hakikufika. Nikasogeza tena. Tulikaa hivyo muda ambao kwangu hauna kipimo, na mara goti langu likapita, nikageuka, nikatoka kama mtu anayetoka kwenye dirisha dogo, nikasimama. Nilisimama! Nilikuwa nimekwisha kumshika kola nikitaka kumshusha kengele ilipolia.

Alishinda kwa pointi, na kwa haki. Mwamuzi aliuinua mkono wake, tukakumbatiana, jasho lake likiniingia machoni. Alinong'ona, "Niliona mukono yako." Basi.

Fainali akakutana na msichana wa Kigali mwepesi kama paka, akaanza yeye tena, akanaswa mkono, akagonga. Alirudi na medali ya fedha na mdomo uliovimba. Mwalimu alitupa maji, akasema tuvae haraka.

Ningependa kusema kwamba nilirudi nikiwa mtu mwingine. Ndani ya basi magoti yalianza upya. Nilikuwa nataka kujua kwa nini kiuno hakikufika mara ya kwanza, nilitaka kurudia pale pale, njiani, kati ya viti. Na kanisani Jumapili iliyofuata, watu waliposongamana kwenye benchi, nilitoka nje kama kawaida nikasikiliza mahubiri nikiwa nimesimama uani. Tatami ni mahali pamoja tu. Kwingine kote bado.

Siku ile ya mashindano tuliuvuka mpaka tukiwa watu wa mwisho mwisho. Nyumbani nilimkuta mama jikoni.

"Ulishinda?"

"Hapana, mama. Nilishindwa."

"Na nani?"

"Na yaya. Ule wa Butembo."

Mama aliushusha mwiko. "Mulienda mpaka Kigali," akasema, "mukalipa na basi, juu upigane na mutu unapigana naye kila siku hapa Ndosho?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Halafu akafuta macho kwa kitenge, akaniambia nimlete huyo yaya ale kwetu, amwone sura. Nikasema nitamleta. Akanionyesha kiti. Nikasema ngoja kwanza, nikachukua ndoo, nikaenda kufua kimono kabla giza halijaingia.