Ng'ombe Mnene Nyuma ya Treni

Mimi ni mchoraji wa mabucha. Ukipita Kitengela ukaona ng'ombe mnene ukutani, anang'aa na anakutazama kama anayejua una njaa, huyo ni wangu. Sijigambi. Haya basi, najigamba kidogo.

Mzee mmoja wa Kisaju aliwaona ng'ombe wangu akaniita kwake. Alikuwa dereva mstaafu wa treni za mizigo zilizopita Kajiado. Alinifungulia stoo nyuma ya nyumba, na ai, nilipiga magoti bila kuombwa! Reli ndogo ilizunguka meza nzima, na kulikuwa na stesheni ya kadibodi, tangi la maji la mkebe, na treni ya umeme inayotoshea kiganjani, ikitembea kweli. Alitaka nimchoree ukutani, nyuma ya meza, ile nchi aliyokuwa akiipita.

Lakini mkewe alikuwa ameshaagiza vifaranga, na stoo ndiyo ingekuwa nyumba yao. Mzee alikuwa amembembeleza aje aone mara moja tu, Jumapili baada ya kanisa, kazi ikiisha. Akisema bado ni michezo ya watoto, reli ingeng'olewa.

Nilipaka kwa furaha, nikiimba. Milima ya kijani kibichi, mbingu ya buluu kali, na katikati ng'ombe mmoja, mnene, mbavu zote za kuchoma zikionekana. Mzee akawasha treni, ikapita mbele ya huyo ng'ombe.

"Fundi," akasema, "treni yangu imekuwa kupe wa huyo ng'ombe."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nikatoka nje, nikanuna huko. Mazoea yana taabu: miaka yote nimepaka vitu vimrukie mteja, na hapa kazi ilikuwa kuvirudisha nyuma. Lakini nikiwa pale nje na hasira zangu nikatazama upande wa Kajiado, nikaona. Ng'ombe wa mbali walikuwa wadogo kuliko punje za choroko. Milima haikuwa kijani hata kidogo, ilikuwa imechujuka kama shuka iliyofuliwa sana. Nilirudi ndani mbio.

Nilimfuta ng'ombe wangu, na iliniuma. Kila rangi nikaichanganya na nyeupe, milima ya nyuma kabisa nikaigusa tu. Mzee alikuwa na sharti moja: karibu na tangi niweke safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na mlango mmoja uwe wa kijani. Treni ilipopita tena, wacha nikwambie, stoo ilipotea! Treni ilikuwa inaenda mbali, mbali kabisa, na mimi nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Jumapili yule mama, mke wa mzee, aliingia na nguo za kanisa, mkoba mkononi, macho yakipima mahali pa kuning'iniza taa ya vifaranga. Mzee aliwasha treni. Mama alitazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akagusa mlango wa kijani.

"Hapa ndio tulianzia maisha," akasema. "Sasa mimi niko wapi?"

Mama akanigeukia mimi, akanieleza kwamba bwanake alipokuwa akifika kwenye tangi alipiga honi, moja ndefu na moja fupi, naye akisikia anaweka maji ya ugali jikoni. Miaka yote mzee hakuwahi kula ugali uliopoa. Nilimuuliza alikuwa akivaa nini. Leso ya manjano, akasema. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote, nikaweka nukta ya manjano mlangoni.

Treni ikazunguka tena. Haina honi, kwa hivyo ilipofika kwenye tangi mzee aliipiga kwa mdomo, moja ndefu, moja fupi. Mama aliweka mkoba wake mezani, kando ya reli, akatoka. Mzee alizima treni, tukabaki tumesimama tu, kila mtu akitazama miguu yake.

Kisha tukasikia mfereji ukifunguliwa, na sufuria ikiwekwa jikoni. Mama akauliza kupitia dirishani kama fundi pia anakula.