Melkizedeki na Tarakimu Moja ya Hanna

Melkizedeki Sumari aliandika ubao wa kijiji chetu kwa miaka kumi na tisa. Ulisimama nje ya ghala la kahawa la ushirika, na kila aliyeshusha gunia alisoma hapo mikutano, zamu za maji ya mfereji na misiba. Akikosea, mtu alimpigia kelele toka kwenye foleni, "Melki, umemzika marehemu siku ya soko!" Naye alifuta kwa kiganja, akaandika upya. Ruhusa yake ilikuwa chaki mfukoni.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, tukaambiwa hilo ndilo soko huria. Ghala likafungwa. Ubao ukaishia kuwa mlango wa banda la mbuzi la mtu nisiyetaka kumtaja. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Mimi sikung'oa, na sijapata chochote kwa ukaidi huo.

Mwaka 2005 mradi mmoja wenye ofisi Njiro, mjini, ulitufundisha kupokea wageni wanaotembea mlimani na kulala majumbani mwetu. Tukaunda kikundi, tukatengenezewa tovuti. Mtaalamu wao alieleza kuwa ina vyeo viwili: mwandishi, ambaye huandika tu, na msimamizi, ambaye bila idhini yake hakuna neno linaloonekana wala kubadilika.

"Usimamizi mpeni anayeijua kompyuta," alisema.

Aliyeijua alikuwa Melkizedeki peke yake. Lakini mwenyekiti wetu, Mzee Abdiel, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa ameketi pale pale na fimbo yake.

"Mimi nimpite Mzee?" Melkizedeki aliuliza. "Yeye aseme, halafu mimi ndiye nimruhusu?"

"Mzee atabaki kuiamkia kompyuta shikamoo," mtu akadakia, tukacheka.

Mzee Abdiel akawa msimamizi. Na mimi nilinyoosha mkono kuunga. Tulidhani tunatunza heshima.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Melkizedeki aliandika, kisha akamsindikiza mzee hadi kwenye intaneti kafe ya Makumira. Mzee aliingiza neno lake la siri kwa kidole kimoja, na Melkizedeki aligeukia ukutani asilione. Hivyo ndivyo ulivyopita ukurasa wa Hanna, mjane wa jirani yangu, aliyekuwa amepaka chokaa chumba cha wageni kwa mikono yake. Tarakimu moja ya simu yake ilikosewa. Saba ikawa moja.

Miezi miwili majirani walipata wageni, Hanna hakupata hata mmoja. Alipoonyeshwa kosa, aliipiga namba ile. Akapokea mtu wa Mbeya.

"Mama, hao Wazungu wako wamenichosha!" akafoka, akakata.

Hanna alikwenda moja kwa moja kwa Melkizedeki. "Si uifute tu?"

"Sina ruhusa, Mama Derick."

"Wewe? Uliyekuwa ukifuta kwa kiganja?"

Wiki hiyo kiharusi kilikuwa kimemlaza Mzee Abdiel, mdomo umepinda, sauti hakuna. Nilifuatana na Melkizedeki kwake; akamwandikia alfabeti kwenye karatasi, akaishika mbele ya uso wake. "Baba, lile neno linaanza na ipi?" Mzee aligusa A. Akagusa A tena. Kisha akaanza kulia, na mkewe akatuomba tutoke.

Tulikwenda Njiro sote wawili. Mradi ulikuwa umekwisha. Ndani ya ofisi alibaki dada mmoja, Anneth, kati ya maboksi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," nilijibu. "Tunataka tarakimu moja tu ibadilishwe."

"Lazima msimamizi mwenyewe aombe, babu. Mfumo utamtumia barua kwenye anwani yake ya mtandao."

"Mzee Abdiel hana anwani hiyo."

"Anayo, mtaalamu alimfungulia. Nayo ina neno lake la siri."

"Basi tumpate mtaalamu."

"Mkataba uliisha, akarudi kwao. Simpati."

"Na wewe mwenyewe, binti yangu?"

Akageuza kompyuta tuione. Chini ya jina lake cheo kilikuwa kile kile cha Melkizedeki. "Na mimi ni mwandishi tu, babu."

Mzee Abdiel tulimzika mwezi wa sita, na neno lake likaenda naye. Hanna alingoja hadi mvua za vuli. Kisha akauza kitanda cha wageni, na chumba kile cheupe akakijaza makasha ya nyanya ya mchuuzi. Tukikutana njiani huniamkia vizuri. Kuhusu simu hasemi tena.

Melkizedeki bado huenda Makumira kila Jumamosi. Juzi nilimfuata, nikasimama nyuma ya kiti chake. Alifungua ukurasa wa Hanna, akaandika namba polepole, akaitamka mara mbili, akahifadhi. Ikajipanga chini ya nyingine alizowahi kuandika. Nilizihesabu zikawa kumi na moja, zote sahihi, na mbele ya kila moja maandishi yale yale: inasubiri idhini ya Abdiel.