Nyumba ya Mkwe Hailaliwi

Nyamizi wa Mwamapalala hakuwa mtu wa safari. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Bariadi mjini, asubuhi kwa lori la pamba, jioni kwa lori hilo hilo, na hakuona huko kitu cha kumfanya atamani kulala. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na tano, aliposema anakwenda Kilimanjaro kula sikukuu, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyamizi? Huyu huyu? Ndiyo, huyu huyu.

Kilichomtoa ni barua. Binti yake wa pekee, Felisita, alikuwa ameolewa na Kristofa, Mchaga wa Rombo aliyekuja Bariadi enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, akiuza mitumba na redio. Baada ya ndoa akamhamishia kwao mlimani, na miaka mitano ikapita Nyamizi hajamtia mwanawe machoni. Mjukuu wake Elina, sasa wa miaka minne, alimjua kwa picha tu. Kisha pamba nayo ikafunguliwa, kampuni za watu binafsi zikaingia kununua, na Kristofa akarudi msimu ule na pikapu ya kampuni na barua mfukoni. Ilikuwa fupi. "Mama, Krismasi hii njoo mwenyewe, usimtume mtu. Niletee michembe. Nataka tule mimi na wewe."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Vikichemshwa na kuliwa kwa maziwa ya mgando, Msukuma haulizi tena habari za nyama. Felisita alikulia hapo. Nyamizi alichagua vile vyeupe, akavifunga kwenye kipande cha kanga na kupiga fundo lake la mara tatu, lile ambalo nyumbani kwake hakuna aliyeweza kulifungua zaidi yake na Felisita. Hakutaka kingine duniani. Alitaka kukaa chini na mwanawe, sahani moja katikati, wale.

Sasa kasheshe ilikuwa usafiri. Kwa Wasukuma wa rika la Nyamizi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme kabisa. Na hapa mkwe ndiye dereva! Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu, na nyuma kumejaa magunia ya mchele.

"Mimi nitakaa katikati," akasema Malimi, mumewe. "Nitakuwa ukuta."

Basi Malimi akawa ukuta, gia ikiwa katikati ya magoti yake, na kila Kristofa alipoingiza namba mbili mzee alipiga ukelele. Walipita Lamadi, wakaingia mbugani Serengeti kwa kibali cha kupita tu. Nyamizi alijifunika kanga uso mzima, akaachia tundu la jicho moja la kuangalia dirishani. Mambo yakaenda.

Yakaenda mpaka gurudumu likapasuka. Wakaweka la akiba. Hawakumaliza nusu saa, la akiba nalo pwaa! Mbele ni nyasi, nyuma ni nyasi, na chini ya mti mmoja pale karibu wamelala simba watatu wanaangalia pikapu kama watu wanaosubiri mlango wa duka ufunguliwe. Likatokea lori la dagaa. Dereva akasema ana nafasi ya mtu mmoja, atampeleka na magurudumu hadi Seronera yakazibwe.

"Nitakwenda mimi!" akasema Malimi, mtu asiyejua spana inashikwa upande gani.

"Baba Felisita!" Nyamizi akamshika shati. "Unaniacha na nani?"

"Na mkwe wako. Unataka nikuache na wale?" Akaonyesha simba kwa kidevu, akapanda juu ya magunia ya dagaa, huyo.

Jamani, saa sita. Saa sita nzima Nyamizi alikaa ameubana mlango, kanga kichwani, na ukuta umeondoka. Kushuka hawezi, simba. Kula hawezi, mkwe. Kristofa alimnyooshea maandazi, akayaacha juu ya kiti, yakakauka hapo. Kwao Kristofa mama mkwe anaheshimiwa sana, lakini hakimbiwi, kwa hiyo kijana wa watu hakujua ameketi na mtu au na gunia. Kwenye saa nane hivi akakohoa.

"Mama, nina jambo nataka nikuambie kabla hatujafika. Ni la Felisita."

Nyamizi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Mkwe anamsemesha, tena wawili tu! Akaligeuzia dirisha kanga yake yote na kuanza kuhesabu pundamilia kwa sauti, kwa Kisukuma, ili asisikie. Kristofa akangoja kidogo. Halafu akaacha. Malimi aliporudi saa kumi na magurudumu mawili na harufu ya dagaa, alimkuta mkewe amefika pundamilia wa mia tatu na kitu.

Rombo waliingia kesho yake, mvua inanyesha, kila kitu kijani mpaka macho yanachoka, migomba juu ya migomba. Felisita alikuwa mlangoni. Nyamizi alimkumbatia, akasita. Ndani ya sweta lile kulikuwa na mifupa.

"Unaumwa?"

"Baridi tu, mama. Baridi ya huku inakula mtu."

Nyumba ilijaa. Wachaga Krismasi wote hurudi kwao, na ukoo wa Kristofa ulirudi kutoka Dar es Salaam, Tanga na Nairobi, mawifi wanne jikoni, mashemeji wanachinja mbuzi uani. Asubuhi ulikuja mtori, uji wa ndizi na nyama. Mchana kikaja kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage. Jioni ndizi tena, na nyama ya mbuzi. "Hawa watu ugali wanamfichia nani?" Malimi alinong'ona siku ya kwanza. Siku ya pili alionjeshwa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na hakuuliza tena habari za ugali.

Michembe Nyamizi alimkabidhi binti yake mkononi. Felisita akaishika, akainusa, akafunga macho. "Tutaipika tukiwa wawili," akasema. Lakini wawili ndiyo hawakupatikana. Nyamizi akiingia jikoni wapo mawifi, akitoka uani wapo mashemeji, na kila Kristofa alipotokea yeye alikimbilia nyuma ya migomba. Jioni ilipofika alikataa katakata kulala pale. Wakamtafutia kitanda kwa mjane mmoja, Lukresia, hatua mia juu ya kilima, na Malimi akamfuata huko akihema.

"Mama, lala hapa leo," Felisita alimwomba siku ya pili. "Elina atalala na baba yake chumba kingine, mimi na wewe tulale huku, tuongee."

"Nyumba ya mkwe hailaliwi, mwanangu, unajua. Njoo wewe kwa Lukresia."

"Kile kilima sikiwezi, mama."

"Ehee! Wewe uliyekuwa unachota maji bwawani na ndoo kichwani, leo hatua mia zinakushinda? Uchaga umekulegeza!"

Felisita akacheka. Alicheka sana, mpaka akashika ubavu wake wa kulia na kukaa chini.

Siku ya tatu aliomba tena. "Mimi ndiye ninayekuomba, mama. Usiku mmoja tu."

"Na watu watasemaje Mwamapalala?"

"Mwamapalala iko mbali, mama."

Nyamizi alisimama pale, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe. Moyo ulimwambia lala. Akamtazama Kristofa akipita na kuni, miguu ikamgeuza yenyewe kuelekea kilimani. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi ukoo mzima ulikuwa uani tena, na siku ya safari ikafika wangali hawajakaa wawili hata dakika kumi.

Kumbe kulikuwa na zawadi. "Elina aende nanyi," Felisita alisema, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na blanketi magotini. "Akapajue kwenu wiki mbili, acheze na ng'ombe." Hakusimama kuwaaga. Alimshika mtoto mashavu akamwangalia, akamwachia. Nyamizi alifurahi kama aliyeokota pesa. Hakupata usiku, lakini amepata mjukuu!

Safari hii ukuta ulikuwa Elina. Malimi, kichwa kinamgonga kwa mbege ya kuagia, alipanda nyuma juu ya mikungu ya ndizi na kujilaza. Walilala Karatu, Nyamizi na mtoto na Malimi kwa masista, Kristofa ndani ya pikapu. Kesho yake walikuwa wameshaliacha geti la mbuga nyuma na nyasi zimeanza, Elina akalia baridi. Nyamizi akauvuta mkoba wa mtoto atafute sweta.

Juu kabisa ilikuwa michembe. Fundo lake la mara tatu, vile vile alivyolifunga. Nyamizi akaumia. Mwanawe amedharau michembe! Kutoka Mwamapalala ameibeba mapajani, na amerudishiwa haijafunguliwa. Akaingiza mkono chini kwa hasira. Sweta likatoka, na gauni la kanisani, na viatu vya saizi kubwa, vya mtoto wa miaka sita au saba. Chini yake kadi ya kliniki ya Elina. Chini yake cheti cha ubatizo. Na chini kabisa, rozari ya Felisita mwenyewe, ile aliyopewa siku ya kipaimara.

Mtoto anayekwenda kucheza na ng'ombe wiki mbili hafungiwi cheti cha ubatizo. Nyamizi aliishika ile kadi. Akalikumbuka lile sweta na mifupa iliyokuwa ndani yake. Akakumbuka ubavu wa kulia. Kanga ikamteleza kichwani, hakuirudisha. Akamgeukia mkwe wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza toka amuoe mwanawe. Alikuwa kijana tu, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Kristofa. Mwanangu anaumwa nini?"

Pikapu ikapunguza mwendo. "Ini, mama. Ni uvimbe. Hospitali walisema tumrudishe nyumbani, hakuna tena cha kufanya. Tangu Oktoba."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alisema atakuambia mwenyewe, mmelala, usiku, isiwe mbele ya watu. Mimi nilijaribu kule njiani. Chakula hakikai tena, mama. Ile michembe alikuwa anainusa tu."

"Geuza gari."

Kristofa akatikisa kichwa.

"Nimesema geuza! Nitalala! Nitalala hapo hapo kwenye nyumba yako!"

"Ameniapisha, mama. Hataki Elina amwone akikata roho. Akasema nisikuambie mpaka tuvuke geti, kwa sababu ukijua utarudi naye. Nikiwafikisha tu ninageuka, nitaendesha bila kulala. Yeye mwenyewe aliniambia, 'Sidhani utanikuta.'" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mikono yote miwili ipo kwenye usukani.

Elina alikuwa ameshaliona fundo. "Bibi, hii ni nini? Nifungulie."

Nyamizi alilishika fundo lake, vidole vikakataa. Pikapu ilikuwa imekaribia kusimama katikati ya barabara, na huku nyuma Malimi, ameamka, akaanza kugonga paa kwa ngumi.

"Mkwe! Mbona tumepoa? Ni gurudumu tena?"

Nyamizi akamvuta Elina na fundo lake kifuani. Kristofa akaingiza gia, na wakaendelea.